Sura ya Nne: Yasiyofika OB

Mwaka 2020, kwa mujibu wa makaratasi, Kenya ilikuwa nchi tulivu. Visa vya uhalifu vilivyoripotiwa kwa polisi vilishuka kutoka 93,411 mwaka 2019 hadi 69,645. Robo nzima ya uhalifu wa nchi ilitoweka katika mwaka mmoja, mshuko ambao waziri yeyote wa usalama angetamani kuusoma mbele ya waandishi wa habari. Lakini nenda Kiamaiko, Huruma au Kayole ukaulize kama huo ndio mwaka ambao watu walilala usingizi mnono. Watakukumbusha kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na foleni za watu waliokimbia kutoka steji kuwahi milango yao. Watakukumbusha mvulana wa miaka 13 aliyepigwa risasi usiku wa tarehe 30 Machi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, polisi wakifukuza watu chini barabarani. Watakukumbusha Kariobangi mwezi Mei, tingatinga zilipobomoa nyumba za maelfu ya watu wakati nchi nzima ikiambiwa ikae ndani.

Sidai kwamba takwimu za mwaka ule zilipikwa. Matatu yenye abiria nusu haina msongamano wa kumfaa mchomoaji, na mlevi asiyetoka baa saa nane za usiku hawezi kuviziwa njiani. Sehemu ya mshuko ule ilikuwa ya kweli kabisa. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale kiongozi anapoinua karatasi na kusema: mko salama sasa, namba zinaonyesha. Visa vilivyorekodiwa hupima kwanza jambo jingine, nalo ni mwendo wa mtu aliyeumizwa kutoka mlangoni kwake hadi kwenye dirisha la kituo cha polisi. Pakitokea jambo la kuukata mwendo huo, namba hushuka. Jambo hilo laweza kuwa amani. Laweza pia kuwa kafyu, nauli, aibu au woga.

Mwendo huo katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, huwa hivi. Mama anayeuza mboga amefunga kibanda, ameshuka matatu Mutindwa saa tatu usiku, na hatua mia mbili kabla ya kufika kwenye ploti yake vijana wawili wanampiga ngeta. Mkono shingoni, pumzi inakatika, na akizinduka simu haipo, mauzo ya siku hayapo, kitambulisho hakipo. Kesho yake asubuhi ana haja mbili ambazo haziwezi kungoja. Ya kwanza ni kurudisha laini yake ya simu, maana pesa za chama ziko ndani ya M-Pesa. Ya pili ni kitambulisho kipya, na ili akipate atahitaji hati ya polisi ambayo kila mtu Nairobi anaiita abstrakti.

Anafika kituoni. Askari wa zamu amefungua lile daftari kubwa la matukio, OB. Anauliza: kimepotea ama kimeibwa?

Hapo ndipo takwimu ya taifa inapoamuliwa. Akisema kimepotea, anapewa namba ya OB, hati inagongwa muhuri, na kabla ya saa nne amerudi sokoni kununua sukuma ya siku hiyo. Akisema ameibiwa kwa nguvu, ataulizwa sura za waliomvamia, ataandikisha taarifa, ataambiwa asubiri afisa wa upelelezi ambaye ametoka, atarudi kesho, na kesho kutwa huenda akaulizwa kama ana chochote cha mafuta ya gari. Mama huyu ana watoto na ana deni la jana. Anasema kimepotea. Kupotea kwa kitu si kosa la jinai, kwa hiyo faili la upelelezi halifunguliwi, na pasipo faili hakuna kisa cha kupelekwa kwenye makao makuu ya polisi Jogoo House mwisho wa mwezi. Yeye bado shingo inamuuma. Katika hesabu ya Kenya, hakuibiwa.

Zidisha tukio hilo kwa Umoja, Kayole, Dandora, Pipeline, Mukuru na Mathare. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 katika kaunti ndogo ya Embakasi pekee, na 626,482 Njiru. Mathare ilikuwa na watu takriban 69,000 katika kila kilomita ya mraba. Msongamano wa namna hiyo una tabia zake. Aliyekuibia mara nyingi si mgeni. Ni kijana wa ploti ya tatu, uliyemwona akikua, ambaye mama yake mko naye chama kimoja. Kumtaja kituoni ni kufungua ugomvi na jirani utakayekutana naye kwenye mfereji kesho, na kijana mwenyewe huenda akarudi jioni ile ile akijua ni nani aliyemtaja. Hivyo watu huenda kwanza kwenye base ya vijana, wakazungumza na mmoja anayeheshimiwa, wakatoa elfu moja au mbili, na simu ikarudi. Hilo halifiki kituoni kamwe.

Ipo sababu nyingine ambayo nilichelewa kuielewa kwa kuwa watu huisema kwa sauti ya chini. Kuna wanaonyamaza kwa huruma. Mwanamke aliyeporwa simu ya shilingi elfu nane anataka simu yake irudi, na pengine anataka yule kijana achapwe au afungwe. Lakini amewaona vijana waliotajwa majina kwa polisi na baada ya wiki mbili picha zao zikasambaa mitandaoni wakiwa wamelala kifudifudi. Hataki damu hiyo iwe juu yake. Ananyamaza, na ukimya wake unaingia kwenye takwimu kama usalama.

Kwa wanawake mwanya huu ni mpana zaidi. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49, nyumbani kwao na kwa faragha, kama wamewahi kupigwa au kulazimishwa kingono. Asilimia 34 walisema wamewahi kupata ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15, na asilimia 13 walisema wamewahi kupata ukatili wa kingono. Katika nchi yenye mamilioni ya wanawake wa umri huo, asilimia 13 ni bahari ya watu. Makosa ya kingono yanayofika katika ripoti za polisi kwa mwaka huhesabika kwa maelfu. Kati ya takwimu hizo mbili kuna fomu ya P3, ambayo lazima ijazwe na mhudumu wa afya, kuna mlango wa kituo uliojaa wanaume, na kuna mume ambaye ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Wahudumu wa Madaktari Wasio na Mipaka walipofungua kliniki ya Lavender House kuhudumia manusura wa Mathare na mitaa jirani, walioingia pale walikuwa na majeraha yaleyale ambayo kituo cha polisi hakikuwahi kuyasikia.

Tunajua ukubwa wa mwanya huu kwa sababu Nairobi iliwahi kuuliza. Shirika la UN-Habitat, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilianzisha mpango wake wa miji salama mwaka 1996, na mwaka 2001 likasaidia kufanya uchunguzi wa waathiriwa wa uhalifu Nairobi. Wachunguzi hawakwenda kwenye vituo vya polisi. Walikwenda kwa wakazi wakawauliza yaliyowapata katika mwaka uliotangulia. Asilimia 37 walisema wameporwa angalau mara moja. Asilimia 22 walikuwa wameibiwa, na asilimia 18 walikuwa wameshambuliwa.

Tufanye hesabu kidogo. Sensa ya 1999 iliipa Nairobi watu 2,143,254. Hata tukisema nusu yao tu ndio walikuwa watu wazima wa kuulizwa swali hilo, asilimia 37 yao ni karibu watu 400,000 walioporwa kwa mwaka katika mji mmoja. Makosa yote yaliyorekodiwa na polisi katika Kenya nzima, kuanzia wizi wa ng'ombe hadi mauaji, kutoka Turkana hadi Kwale, hayakufika 100,000 katika miaka ile. Kwa maneno mengine, wizi wa kimabavu wa Nairobi peke yake ulikuwa mara kadhaa ya uhalifu wote wa nchi kama polisi walivyoujua. Mbele ya pengo la namna hiyo, kupanda au kushuka kwa asilimia tano katika ripoti ya mwaka hakutuambii mengi. Akiwepo mkuu wa kituo, OCS, mwenye upole, anayeketi na watu na kuwasikiliza, visa vya kituo chake vitapanda. Akija mkali, vitashuka. Nani kati yao amelinda mtaa?

Miji mikubwa ya dunia imepita njia hii. New York ilianzisha mwaka 1994 mfumo wa kuwaita makamanda kila wiki kuhojiwa juu ya takwimu za maeneo yao. Uhalifu ulishuka kweli, lakini baada ya muda afisa mmoja wa Brooklyn, Adrian Schoolcraft, alirekodi kwa siri wakubwa wake wakiwashinikiza askari kupunguza uzito wa makosa au kutoyaandika. Nchini Uingereza, ambako takwimu ni dini, mamlaka ya takwimu iliziondolea namba za polisi hadhi ya kuwa takwimu rasmi za kutegemewa, Januari 2014, baada ya kubainika kuwa makosa mengi yaliyoripotiwa hayakuandikwa. Uingereza ilinusurika na aibu hiyo kwa kuwa tangu miaka ya 1980 ilikuwa na uchunguzi mwingine, wa kuwauliza watu majumbani. Sisi tuliuliza mwaka 2001, tukashtuka, na badala ya kufanya swali lile kuwa desturi ya kila mwaka tukarudi kwenye daftari la kituo.

Hadithi ya kamera inafaa kusimuliwa hapa, maana inahusu mji wetu na pesa zetu. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, serikali iliingia mkataba na Safaricom wa takriban shilingi bilioni 15 kuwajengea polisi mtandao wa mawasiliano na kamera 1,800 katika Nairobi na Mombasa, mitambo ikitoka Huawei. Muda si muda kampuni hiyo ya China ilikuwa ikiwaonyesha wateja wengine duniani mafanikio ya Kenya: katika maeneo yaliyofikiwa, ilisema, uhalifu ulishuka kwa asilimia 46 kati ya 2014 na 2015. Wachambuzi waliokwenda kulinganisha madai hayo na ripoti za polisi wenyewe walikuta mshuko mdogo zaidi mwaka 2015, kisha visa vikapanda. Kufikia 2017 visa vilivyorekodiwa Nairobi vilikuwa vimeongezeka kwa takriban nusu ndani ya mwaka mmoja, na kupita kiwango cha kabla ya kamera kufungwa.

Je, hilo lina maana kwamba kamera zilishindwa? Hatuwezi kusema hivyo pia. Ongezeko la 2017 nalo ni hesabu ya daftari, na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi mara mbili. Ninachojua ni kwamba kamera zilielekezwa kwenye barabara kuu na makutano yake. Hazioni kichochoro cha Mlango Kubwa, wala ngazi za ghorofa saba za Pipeline ambako taa ya kila sakafu iliungua zamani na mwenye nyumba anaishi mbali. Kwa watu wa huko, mradi wa usalama walioutambua ulikuwa ule wa nguzo ndefu za taa, ambazo mtaa uliziita mulika mwizi siku zilipowaka. Taa zile zilimwongezea mama wa chapati saa mbili za biashara. Zilipoungua, saa zile zilirudi gizani.

Nisionekane kama mtu anayekataa kila habari njema. Wazee wa Buruburu watakuambia, na ninawaamini, kwamba kuna uhalifu uliopungua. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kufika getini na gari jioni ilikuwa saa ya kuomba Mungu. Watu walivuliwa magari wakiwa na watoto kwenye kiti cha nyuma, wakazungushwa hadi usiku wa manane, wakatupwa Ruai. Magenge yaliingia nyumba kwa nyumba. Hali hiyo imebadilika. Kila uwanja wa nyumba umezungushiwa ukuta na geti, soja analipwa na mchango wa wakazi, na tangu M-Pesa ianze Machi 2007 watu hawalali tena na mshahara chini ya godoro. Jambazi mwenye bunduki ana kidogo cha kufuata.

Ila pesa ilipohamia kwenye simu, mwizi aliifuata huko. Sasa yuko kwenye laini: anajifanya mhudumu wa kampuni, anabadilisha laini ya mtu kwa siri, anakopa kwa jina lake usiku mmoja. Mzee aliyemwagiwa akiba yake yote hivyo hana mahali pa kuonyesha damu, na wengi huona haya hata kuwaambia watoto wao. Geti nalo limefanya kazi yake kwa waliomudu geti. Tembea kutoka Buruburu kuelekea Makongeni, Mbotela au Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 nyumba zikizunguka bustani wazi bila kuta, na utaona kwamba hatari nyingine haikuisha. Ilivuka barabara ikaenda kwa wasio na mchango wa soja.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike sura hii.

Angalia miaka minne. Mwaka 2004 polisi waliandikisha makosa 83,841 nchini. Mwaka 2007 yalikuwa 63,028, mshuko wa takriban robo nyingine. Mwaka huo huo wa 2007, mwezi Juni, baada ya maafisa wawili wa polisi kuuawa Mathare, operesheni kubwa iliingia katika kijiji cha Kosovo kuwasaka wafuasi wa kundi la Mungiki. Nyumba zilivunjwa, mamia walikamatwa, makumi wakauawa. Mungiki hawakuwa hadithi ya kutungwa: Machi 2002 walikuwa wameua zaidi ya watu 20 Kariobangi kwa usiku mmoja, na wenye matatu, wenye vioski na waliounganishiwa umeme vijijini walilipa ada kwao kila siku. Watu walitaka waondoke. Lakini kilichofuata, kwa mujibu wa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ni miili ya takriban watu 500, wengi wao vijana, iliyookotwa misituni, mashambani na katika vyumba vya maiti. Tume iliita ripoti yake Kilio cha Damu. Polisi walikanusha. Februari 2009 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alikuja akasema vikosi vya mauaji vipo. Machi 5, 2009, Oscar Kamau Kingara na John Paul Oulu, waliokuwa wamempa Alston ushahidi, walipigwa risasi ndani ya gari lao karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Weka makaratasi hayo mawili sambamba. Kwenye karatasi ya uhalifu, 2007 ni mwaka mzuri. Vifo vile 500 haviko humo. Mtu aliyeuawa akishukiwa huandikwa kama jambazi aliyekutwa na bastola, na kisa kinachobaki kwenye hesabu ni wizi aliodaiwa kuupanga. Kwa hesabu hiyo, kila anayeuawa ni uhalifu uliopungua.

Mtindo huo haukuisha na Mungiki. Machi 31, 2017, mchana, Eastleigh, mtu mmoja alirekodi kwa simu afisa aliyevaa kiraia akiwapiga risasi vijana wawili waliokuwa wamelala chini, watu wamezunguka wakitazama. Miaka hiyo hiyo kurasa za Facebook zenye jina la Hessy, kila moja na mtaa wake, Kayole, Dandora na kwingineko, zilikuwa zikiweka picha za vijana na kuwaonya kuwa siku zao zimehesabiwa, na baadaye kuweka picha za maiti zao. Chini ya picha, mamia ya maoni. Wengi walishangilia.

Nimejaribu kuwasikiliza walioshangilia bila kuwahukumu haraka, kwa sababu si watu wabaya. Mmoja ni mwenye duka la M-Pesa aliyetolewa bastola mara tatu. Mwingine ni mama ambaye mwanawe alichomwa kisu na genge la Gaza kwa ajili ya viatu. Mahakama waliijaribu: mshukiwa alikamatwa Jumatatu, Ijumaa akaonekana steji akicheka. Mtu wa namna hii akikuambia kwamba mtaa umetulia tangu "wale wamalizwe", anasema jambo analolihisi mwilini. Anafunga duka saa nne badala ya saa moja. Unafuu huo ni wa kweli, na mwandishi anayeupuuza hajui Eastlands.

Ila unafuu huo umelipiwa na nyumba nyingine, na nyumba hiyo iko mita hamsini kutoka hapo. Kijana wa miaka 19 wa Dandora Phase Four anayetoka kuosha magari jioni ana hatari mbili za kuhesabu: genge na karao, yaani polisi. Anabadilisha mtindo wa nywele, anavua kofia, anakwepa kona fulani saa fulani, anatembea na risiti ya simu yake mwenyewe. Mama yake hampigii simu kumuuliza kama amekula. Anampigia kujua kama yuko hai. Kwa nyumba hiyo, kushuka kwa visa kutoka mia mbili hadi mia moja na hamsini katika kituo cha karibu hakuna maana yoyote. Benna Buluma, ambaye Mathare ilimjua kama Mama Victor, alipoteza wana wawili kwa risasi za polisi siku moja, Agosti 2017, wakati wa maandamano ya baada ya uchaguzi. Badala ya kujifungia aliwaunganisha akina mama wengine wenye msiba kama wake, wakawa mtandao wanaosindikizana mahakamani na mochari. Aprili 2024 mafuriko ya Mto Mathare yalimchukua yeye mwenyewe. Mwanamke huyu aliishi karibu miaka saba akidai vifo vihesabiwe. Katika jedwali la usalama la nchi yake, wana wake hawakuwa na safu ya kuwekwa.

Eastlands imewahi kutulizwa hivi kabla ya uhuru. Aprili 24, 1954, wakoloni walizingira mji katika Operesheni Anvil, wakapekua Bahati, Pumwani, Kaloleni na mitaa mingine nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000, karibu wote wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini. Serikali iliita hayo mafanikio. Bila shaka barabara zilikuwa kimya. Waliozitembea walikuwa nyuma ya seng'enge. Mtaa ukiondolewa vijana wake, kwa lori au kwa risasi, utakuwa na visa vichache.

Basi usalama upimwe kwa nini? Mimi ningeanza na saa. Mwanamke peke yake anaweza kutembea kutoka steji hadi mlangoni kwake mwisho saa ngapi? Kivuko cha miguu cha Outering Road kinapitika saa ngapi bila kungoja watu wengine mvuke pamoja? Mtoto wa darasa la nne anatumwa dukani hadi saa ngapi? Maswali haya mkazi anayajibu papo hapo bila kufikiri, kwa kuwa maisha yake yamepangwa kuyazunguka. Yakiulizwa kila mwaka kwa watu wale wale wa Umoja Innercore, Kariobangi South na Mukuru kwa Njenga, tungejua mengi kuliko ripoti kumi za mwaka.

Dandora imetupa mfano unaoonekana kwa macho. Uwanja mmoja wa nyumba unaoitwa Mustard Seed, uliokuwa jaa na maficho, ulisafishwa na vijana wa hapo hapo, ukapandwa nyasi na maua, ukawekwa mahali pa watoto kuchezea, na wakazi wakakubaliana kuchangia kidogo kila mwezi kuutunza. Kutokana na hapo kulikuja mashindano ya viwanja, Changing Faces, yaliyoenea katika mitaa mingine. Vijana waliokuwa wakiogopwa pale getini ndio waliokuwa wakilipwa kulinda geti. Hakuna takwimu ya polisi iliyowahi kuonyesha jambo hili vizuri, maana lilichoongeza ni watoto nje saa kumi na mbili jioni na wanawake wameketi wakisukana.

Mwaka 2023 makosa yaliyoripotiwa Kenya yalifika 104,842. Mwaka 2024 yalikuwa 101,220, yaani mshuko wa asilimia 3.5, na tuliambiwa tufurahi. Muungano wa Missing Voices, unaohesabu vifo mikononi mwa polisi kwa kwenda mochari na kwa familia, ulirekodi mauaji 104 mwaka huo wa 2024, dhidi ya 118 mwaka uliotangulia. Waliotoweshwa walitoka 10 wakawa 55. Ukizisoma takwimu hizi kwa pamoja, unapata mwaka tofauti kabisa na ule uliotangazwa.

Hakuna sheria mpya inayohitajika ili kuzisoma pamoja. Sheria ya 2011 iliyounda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, inawalazimu polisi kuiarifu mamlaka hiyo kila mtu anapokufa au kujeruhiwa vibaya mikononi mwao. Kama sheria inafuatwa, hesabu ipo. Iongezwe safu katika jedwali lile lile la uhalifu, kituo kwa kituo: Pangani, Huruma, Kayole, Dandora, Buruburu, Shauri Moyo. Safu nyingine iwe ya mali iliyoandikwa kuwa "imepotea", tuone simu na vitambulisho vingapi hupotea Kayole kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kisha jedwali lisiishie Jogoo House. Libandikwe kwenye ubao wa chifu, na OCS aje barazani alisome kwa sauti, mbele ya mama wa Mutindwa, mwenye duka la M-Pesa na kijana wa kuosha magari, wote watatu wakiwa na nafasi ya kuuliza.